Mwalimu Msaidizi Ajue Wakati wa Kuondoa Mkono

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakishatoka tu, vijana huanza kufika ofisini kwetu na swali moja: nitaanzaje kazi ya mwalimu msaidizi? Wapo wanaotoka mitaa ya Nairobi kama Kayole, wapo wa Kawangware, na wengi wao wameshabisha milango ya akademi za mtaani wakaambiwa waache wasifu kazi, watapigiwa simu. Kabla hatujazungumzia vyeti, mimi huwaomba jambo moja. Waketi nyuma ya darasa la PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, asubuhi nzima na watazame tu.

Asubuhi moja nilikaa hivyo karibu na kijana aliyekuwa katika wiki yake ya pili kazini. Mbele yake palikuwa na mtoto wa miaka 5, penseli ameikamata kwa ngumi kama mpishi aliyeshika mwiko wa ugali. Kijana alimwonea huruma. Akaufunika mkono wa mtoto kwa mkono wake, wakaandika herufi "a" mstari mzima. Daftari likapendeza, lakini mtoto muda wote huo alikuwa akitazama dirishani. Siku iliyofuata nilimletea yule kijana krayoni nikamwambia azivunje vipande vifupi, kila kimoja kama pingili ya kidole. Kipande kifupi hakikamatiki kwa ngumi, kwa hiyo vidole vitatu hujipanga vyenyewe. Mtoto akachora duara lililopinda, na lilikuwa lake.

Hilo ndilo ninalotaka kila anayeingia kazi hii alifahamu mapema. Nchini Uingereza, ambako wasaidizi wa darasani ni wengi sana, utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2003 chini ya mtafiti Peter Blatchford wa London uligundua kwamba wanafunzi waliosaidiwa zaidi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa kiwango kile kile. Wasaidizi hawakuwa wavivu. Walihimiza kazi imalizike badala ya ieleweke, na mara nyingi hawakuwa wamepata nafasi ya kupanga somo pamoja na mwalimu. Ukiuliza swali, basi, nyamaza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa sekunde 1 hivi, na kwamba wakivumilia sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto hurefuka na hata wale wakimya hufungua midomo. Hata kwenye foleni ya chakula cha Dishi na County, mpango wa Kaunti ya Nairobi wa chakula cha shuleni, ambapo mtoto hulipa shilingi 5 kwa bangili iliyo mkononi mwake, msaidizi mwenye haraka humshika mtoto mkono akaupeleka kwenye mashine. Mwache aupeleke mwenyewe.

Kuna mpaka wa kisheria pia. Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ya 2012 hairuhusu mtu ambaye hajasajiliwa na tume hiyo kufundisha. Kazi ya msaidizi ni kuandaa vifaa, kukaa na kikundi kidogo, kuwaangalia watoto chooni na uwanjani, na kumpasha mwalimu habari ya alichokiona. Inaniuma kila ninapopata shule imemwachia kijana wa miaka 19 darasa zima muhula mzima kwa sababu malipo yake ni madogo. Wanaoumia ni watoto, na yeye pia. Jambo jingine ni kiboko: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga marufuku adhabu ya viboko na mateso ya kiakili, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miezi 6, au yote mawili. Hata mwalimu wa darasa akikutuma umchape mtoto, kataa.

Vyeti havina maneno mengi. Tafuta cheti cha tabia njema kupitia eCitizen kisha ukachukuliwe alama za vidole. Jifunze huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu na St John hutoa mafunzo hayo hapa Nairobi, na siku mtoto atakapokabwa na kipande cha muwa utajua la kufanya. Ukiona kazi imekuingia moyoni, usibaki msaidizi milele. Cheti cha P1 cha miaka 2, cha ualimu wa shule ya msingi, kimeondolewa, na tangu 2021 vyuo vya ualimu hufundisha diploma ya miaka 3.

Nafasi ambayo vijana wengi hawaifikirii ni ya kumsaidia mtoto mmoja mwenye ulemavu ndani ya darasa la kawaida. Wazazi wa Nairobi wanawatafuta sana watu hawa. Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyopo Kasarani tangu miaka ya 1980, hufundisha kazi hiyo. Ukijua Lugha ya Ishara ya Kenya, iliyotajwa kwenye Katiba ya 2010, utapokelewa kwa mikono miwili. Ila hapa ndipo kishawishi cha kumfanyia mtoto kila kitu kinapokuwa kikali zaidi. Usikae katikati yake na wenzake. Sogeza kiti nyuma kidogo ili awaone, nao wamwone.

Ukiitwa kwenye mahojiano, uliza nani atakuwa akikuelekeza kila siku. Omba mkataba wa maandishi; Sheria ya Ajira ya 2007 inautaka kwa kazi ya miezi 3 au zaidi. Kisha uliza utapanga kazi na mwalimu wa darasa saa ngapi. Kama mwalimu mkuu hana jibu, nenda kwa mwalimu mwenyewe ukamwombe dakika 10 kabla ya kengele ya asubuhi. Wengi hukubali.