Deni la nane

Kila anayekuja kwangu kwa ushauri wa madeni namwanzisha kwa kazi moja: achukue karatasi, aandike kila anayemdai. Mwanaume mmoja aliandika saba. Aliandika harakaharaka, kwa mwandiko mzuri, kama mtu aliyeyakariri usiku kucha, kisha akanirudishia kalamu. Nikaanza kujumlisha. Sijafika hata nusu, akanyoosha mkono kimya, akaichukua tena ile kalamu na kuandika mstari wa nane: "Shemeji." Mahali pa kiasi akapaacha wazi.

"Kaka, hili ni shilingi ngapi?" nikamuuliza.

"Hatujawahi kulizungumza tangu anipe. Na mke wangu hajui."

Deni lile halikuwa na riba, mkataba wala tarehe. Lakini ndilo lililomfanya akope mengine mawili kati ya yale saba, ili kila shemeji akipita nyumbani asione dalili yoyote ya shida. Kwenye hesabu lilikuwa dogo, ila kwenye maisha yake ndilo lililokuwa linaongoza mengine yote.

Ninaeleza hapa jinsi ninavyompangia mtu kulipa madeni, lakini nianze na ninachokiamini baada ya miaka ya kazi hii: mipango mingi huvunjwa na siri. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la sita anaiweza. Mtu akishakuwa na deni moja asilotaka lijulikane, atakopa ili lisijulikane, na mpango wowote utakaoandikwa juu ya hapo umejengwa kwenye mchanga.

Turudi kwenye karatasi. Kwa kila deni andika jina la anayekudai, salio la leo, riba, rejesho la mwezi, tarehe ya kulipa, na kitakachotokea usipolipa. Salio la leo si kile ulichokopa wala kile unachodhani kimebaki. Omba taarifa ya mkopo kwa mkopeshaji mwenyewe, maana faini za kuchelewa huwa zimejiongeza humo bila wewe kuziona. Halafu mimi huongeza safu moja ambayo sijaiona kwenye fomu yoyote: nani mwingine anajua. Pale panapoandikwa "hakuna", ndipo ninapojua tutakwama.

Baada ya hapo tafuta kiasi unachoweza kulipa kweli kila mwezi. Hapa watu wema ndio wanaokosea zaidi. Mtu ana aibu, anataka kuonyesha nia, anajipunja kwenye matumizi ya nyumbani hadi karatasi inapendeza. Mwezi wa kwanza analipa, wa pili analipa kwa shida, wa tatu mtoto anaugua na anakopa upya. Andika matumizi yako kwa siku 30, kila kitu, hata kile kidogo unachoona haya kukiandika. Ongeza gharama zinazokuja mara moja kwa mwaka, uzigawe kwa 12. Tenga na kiasi kidogo cha dharura, kabla hata hujaanza kulipa zaidi ya kiwango cha chini. Wapo wanaonipinga hapo, wanasema ni upuuzi kuweka akiba huku riba inakimbia. Kwa hesabu tupu wako sahihi. Lakini mtu asiye na akiba kabisa, dharura yake ya kwanza ni mkopo mpya, na mkopo wa haraka ndio huwa na riba kali kuliko yote.

Sasa riba, maana hapa ndipo watu huumia bila kujua. Chukua deni la 100,000 lenye riba ya asilimia 3 kwa mwezi juu ya salio. Ukilipa 4,000 kila mwezi, mwezi wa kwanza 3,000 inamezwa na riba, na deni lenyewe linapungua kwa 1,000 tu. Utalipa kwa miezi 47 na utakuwa umetoa karibu 188,000. Ukiweza kulipa 6,000, utamaliza ndani ya miezi 24 na utakuwa umetoa karibu 141,000. Nyongeza ya 2,000 imekata muda katikati. Ukilipa 3,000 kamili, hutamaliza milele, hata ukilipa kwa uaminifu kila tarehe hadi uzeeni. Nimekaa na watu waliokuwa hapo kwa miaka, wanajilaumu kwamba ni wazembe, kumbe rejesho lao lilikuwa linalisha riba peke yake.

Uliza pia riba inapigwa juu ya nini. Riba bapa hupigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, hata ukiwa umesharudisha nusu. Mkopo wa 120,000 kwa mwaka mmoja, riba bapa ya asilimia 2 kwa mwezi, una rejesho la 12,400. Ukilipima rejesho hilo kwa kipimo cha salio linalopungua, unakuta riba yake ni karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa hiyo asilimia 2 ya huyu inaweza kuwa ghali kuliko asilimia 3 ya yule. Wanaohamisha madeni yote kwenye mkopo mmoja mkubwa wapime hili kwanza. Kuunganisha madeni kunasaidia pale riba halisi inaposhuka na mtu anapoacha kukopa. Bila hayo mawili, baada ya miezi michache anabaki na mkopo mkubwa pamoja na midogo mipya.

Uanze kulipa lipi? Kwanza yale yatakayokuondoa chini ya paa au kukukatia umeme na maji, na yale yenye dhamana unayoitegemea kuishi au mdhamini atakayefuatwa badala yako. Anayepiga simu kwa ukali si lazima awe wa kwanza. Mara nyingi ni yule asiye na dhamana mkononi, ndiyo maana anatumia sauti. Yaliyobaki, kuna njia mbili. Unaweza kuanza na lenye riba kubwa, na hesabu inasema hiyo ndiyo nafuu. Au unaanza na dogo kuliko yote, ukilifuta, rejesho lake unalihamishia kwenye linalofuata. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, David Gal na Blakeley McShane, walichambua kumbukumbu za watu waliokuwa kwenye mpango wa kumaliza madeni, wakakuta kwamba kufunga akaunti moja moja kunaashiria vizuri kama mtu atafika mwisho, bila kujali ukubwa wa akaunti zilizofungwa. Nami ndivyo ninavyoona. Aliyechoka namwanzisha na dogo, apate kukata mstari mmoja kwa kalamu nyekundu. Ila tofauti ya riba ikiwa kubwa mno sioni aibu kumbishia, namwekea hesabu mbili mbele yake achague mwenyewe.

Kwa wadai wengi na fedha kidogo, ninachotumia ni mgao wa uwiano. Madeni yote ni 300,000 na unaweza kutoa 9,000 kwa mwezi. Anayekudai 50,000 anashika sehemu moja ya sita, basi mgao wake ni 1,500. Unamwandikia kila mmoja barua fupi: kipato changu ni hiki, matumizi ya lazima haya, wadai wote ni hawa, mgao wako ni huu, naomba usimamishe riba na faini wakati ninalipa. Ambatanisha karatasi ya hesabu. Barua yenye namba husomwa; barua ya kuomba huruma huwekwa pembeni. Iende kabla hujakosa rejesho, siyo baada ya miezi mitatu ya kutopokea simu. Wengine watakataa. Walipe mgao wao hivyohivyo, tunza risiti, na uandike tena baada ya mwezi. Makubaliano yoyote yawe kwenye maandishi. Na akitokea mtu anakuahidi kuyafuta madeni yote mradi umlipe ada yake kwanza, ondoka hapo haraka.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na kwa kweli kulipa ni kazi ndefu ya upweke. Ndiyo maana nikaanza kuwakutanisha wanaolipa.

Wazo si langu. Huko Marekani, mwaka 1968, watu wachache waliokuwa wameacha pombe kwa msaada wa wenzao waligundua kwamba wana tatizo jingine linalofanana nalo, madeni, wakaanza kukutana. Mikutano ililegea, ikaanzishwa upya mwaka 1976, na kutoka hapo ukakua mtandao unaoitwa Debtors Anonymous. Kuna jambo lao moja ninalolipenda sana: mwenye deni hukaa na wenzake wawili waliokwisha kuacha kukopa, wanapitia naye kipato, matumizi na wadai, kisha wanaandika pamoja hatua zinazofuata. Hao wawili si mabingwa wa fedha. Ni watu wanaojua jinsi tumbo linavyokaza simu ya mdai inapoita.

Je, kukutana kunabadilisha kitu, au kunafariji tu? Nchini Chile, Felipe Kast, Stephan Meier na Dina Pomeranz waliwafuatilia wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakijaribu kuweka akiba. Waliotangaza lengo lao mbele ya wenzao na kufuatiliwa na kikundi waliweka fedha mara 3.5 zaidi ya wengine kwa idadi ya miamala, na akiba yao ya wastani ilikaribia kuwa maradufu. Hiyo ni akiba, siyo kulipa deni, nami siifanyi ithibitishe zaidi ya ilichopima. Hata hivyo inaendana na ninachokiona kila mwezi: namba uliyoitamka mbele ya watu haikai kichwani mwako kama namba uliyoificha.

Kikundi changu kina watu watano hadi wanane. Zaidi ya hapo wapo watakaojificha nyuma ya wasemaji. Tunakutana mara moja kwa mwezi, ndani ya siku chache baada ya watu wengi kupata kipato, kabla fedha haijatawanyika. Kila mmoja anasoma mistari minne kwa sauti: nilipanga kulipa kiasi gani, nimelipa kiasi gani, nimekopa au sijakopa, na jumla ya madeni yangu leo. Hakuna kueleza sababu kabla ya kusoma namba. Sheria hiyo niliiweka baada ya kuona watu wanatumia dakika kumi kuizunguka namba yao na kutufikisha mwisho wa kikao hatujaisikia.

Hatukopeshani. Hilo ni marufuku kabisa, na hatudhaminiani pia. Kikundi cha kulipa madeni kikianza kuwa mahali pa kupata mkopo kimekufa, na urafiki unakufa nacho. Yanayosemwa chumbani yanabaki chumbani. Na hakuna kumsema mtu. Anayeruhusiwa kuuliza anauliza swali moja tu: "Mwezi ujao utabadilisha nini?"

Kati ya vikao kila mmoja ana mwenzake mmoja wa kumpigia. Makubaliano ni kwamba unapiga kabla ya kukopa. Dada mmoja aliniambia alisimama nje ya mlango wa mkopeshaji, fomu mkononi, akampigia mwenzake. Walizungumza kuhusu watoto, robo saa nzima, mkopo hawakuutaja hata kidogo. Alipokata simu akaikunja fomu mara nne na kuitia mfukoni. Alikuja nayo kwenye kikao, ikiwa bado imekunjwa.

Wengine hukopa tena. Hilo limetokea katika kila kikundi nilichowahi kukiongoza, na ninalisema mapema ili anayeteleza asidhani ni yeye peke yake na akaacha kuja. Anayerudi na deni jipya anaandika mstari mpya, tunapanga mgao upya, tunaendelea. Ninayemhofia ni yule anayekosa vikao viwili mfululizo; huyo namtafuta mwenyewe. Na kama unasoma haya huku deni limekufikisha mahali unafikiria ni afadhali usiwepo, usianze na karatasi wala hesabu. Mwambie mtu leo, ndugu, daktari, yeyote aliye karibu. Deni linaweza kungoja wiki.

Yule kaka wa mstari wa nane alisoma namba zake kwenye kikao cha kwanza, zote saba. Ya nane akairuka. Kwenye cha pili akaisoma, akasema tu "na shemeji, sijui ni ngapi." Mama mmoja aliyekaa mkabala naye, mwenye madeni makubwa kuliko ya yeyote pale, akamuuliza lile swali letu moja. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Nitamwambia mke wangu Jumapili."

Alimwambia. Siku nyingi za mwezi ule hazikuwa rahisi ndani ya nyumba yake, na sitazieleza kwa sababu si zangu. Kisha wakaenda wote wawili kwa shemeji. Shemeji alikuwa anakikumbuka kiasi chote, na tarehe aliyokitoa.

Kikao cha tatu alikuja na daftari jipya, mistari imepigwa kwa rula. Mstari wa nane ulikuwa na namba: 36,000, mgao 1,000, kila tarehe 5. Kwenye safu ya mwisho, ile ya nani anajua, hakukuwa tena na "hakuna" hata mmoja.