Uwakilishi wa uwiano: uwiano wa nini?

Chukua mahamri sita uyagawe kwa nyumba nne zenye idadi tofauti ya watu. Utagawa kwa hesabu, na pasipotosha utakata moja katikati. Viti vya bunge navyo hugawanywa hivyo hivyo, ila mbunge hakatwi katikati. Hapo ndipo mabishano yote ya uwakilishi wa uwiano yanapoanzia.

Kwa maneno mepesi, chama kilichopata robo ya kura kipate takriban robo ya viti. Lakini eneo likiwa na kiti kimoja hakuna cha kugawa. Aliyeongoza hata kwa kura moja anabeba kila kitu. Kwa hiyo eneo moja lazima litoe wawakilishi kadhaa.

Mombasa ina maeneo bunge sita: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Tuseme, kwa mfano tu, yote yageuzwe eneo moja lenye viti sita, na wapige kura watu 100,000. Vyama nimevibuni: Jahazi kura 52,000, Mashua 28,000, Dau 12,000, Ngalawa 8,000. Kwa utaratibu wetu wa sasa, kama hali ni hiyo hiyo kila mahali kuanzia Likoni hadi Kisauni, Jahazi anazoa viti vyote sita.

Sasa tugawe kwa njia ya Victor D'Hondt, Mbelgiji aliyeieleza mwaka 1878. Kura za kila chama zinagawanywa kwa 1, kisha 2, 3, 4 na kuendelea, halafu majibu sita makubwa kuliko yote ndiyo yanayopata viti. Jahazi ana 52,000, 26,000, 17,333 na 13,000. Mashua ana 28,000 na 14,000. Sita zimetimia: Jahazi vinne, Mashua viwili. Dau na kura zake 12,000 amebaki ufuoni.

Mfaransa André Sainte-Laguë yeye aligawanya kwa 1, 3, 5, 7. Kura ni zile zile, lakini jibu la nne la Jahazi linashuka hadi 7,429 na Dau anapenya na 12,000 zake. Matokeo: Jahazi vitatu, Mashua viwili, Dau kimoja. Hakuna mpiga kura aliyebadili nia. Kilichobadilika ni namba za kugawia. Njia ya kwanza huwabeba wakubwa, na mimi naona ya pili ni ya haki zaidi, ingawa anayetaka serikali isiyotegemea vyama vidogo atanipinga, na hoja anayo. Ngalawa hapati kitu kwa njia zote mbili. Viti vingekuwa ishirini angepata.

Kuna lawama nyingine: orodha ya wagombea watakaojaza viti hivyo hupangwa na chama, na aliye karibu na wakubwa ndiye huwekwa juu. Ireland na Malta hukwepa hilo kwa kumwachia mpiga kura awapange wagombea mwenyewe, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliyevuka kima kinachotakiwa, ziada yake huhamia kwa anayefuata katika mpangilio wa mpiga kura, na wa mwisho akiondolewa, kura zake nazo huhama. Ubaya wake ni kuhesabu. Kazi yaweza kuchukua siku kadhaa, na sisi hata siku moja ya kusubiri matokeo hututoa jasho.

Kenya nayo inalo neno hili, uwiano, katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 90 kinataja viti vya orodha za vyama, vile vya wale tunaowaita wateule, na kinasema vigawanywe kwa uwiano. Lakini kisome hadi mwisho: uwiano huo ni wa viti ambavyo chama kimeshinda, si wa kura. Bunge la kaunti nalo hufuata mkondo huo. Jahazi akishinda wadi zote 30 za Mombasa kwa kura zile zile 52,000, viti vya orodha pia ni vyake, na wale 28,000 wa Mashua hawapati hata mteule mmoja.