Kuumwa na mbu si kuambukizwa malaria

"Mbu wameniuma jana usiku, leo nimeamka na malaria." Maneno haya husikika kila masika, hata kwenye foleni ya kupima. Homa yaweza kuwa ya malaria kweli, ila mbu wa jana hana hatia. Vimelea vya malaria vikiingia mwilini hukimbilia kwanza kwenye ini, na kwa Plasmodium falciparum, aina iliyotawala kwetu, homa kwa kawaida huanza siku 7 hadi 15 baadaye.

Uenezaji wenyewe ni huu: mbu jike wa Anofelesi hunyonya damu ya mtu mwenye vimelea, vimelea vinakomaa ndani yake, kisha anaviingiza kwa mtu mwingine. Dume haumi. Jike huuma kwa sababu ya mayai, ambayo hayakui bila protini ya damu.

Tatizo ni kwamba watu huruka hapo kwenye kukomaa. Mbu anachukuliwa kama sindano iliyotolewa kwa huyu ikachomwa kwa yule. Ingekuwa hivyo, hata VVU vingeenea kwa mbu. Havienei, kwa sababu humeng'enywa tumboni mwake pamoja na damu. Tena mdomo wake una njia mbili: moja hupandisha damu, nyingine hushusha mate yanayozuia damu isigande. Kinachoingia kwako ni mate. Ili vimelea vifike kwenye mate hayo, vya kiume na vya kike hukutana kwanza tumboni mwa mbu, hupenya ukuta wa tumbo, hujenga vifuko upande wa nje na kuzaliana humo kwa maelfu. Vifuko vikipasuka ndipo husafiri hadi kwenye tezi za mate. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 28 kazi hiyo huchukua siku 10 hadi 14. Joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi, husimama, na hiyo ni sababu mojawapo ya Njombe, mkoa wa baridi kusini mwa Tanzania, kuwa na malaria kidogo mno.

Sasa, tuchukue katikati, siku 12: kwa mbu huo ni umri mkubwa. Kama kila siku wanakufa 10 katika kila 100 waliopo, siku ya 12 wamebaki 28 tu. Wakifa 20 katika kila 100, wanabaki 7. Vifo vimezidi mara mbili, wazee wamepungua mara nne. Anayeambukiza ni ajuza aliyekwisha kunyonya na kutaga mara kadhaa. Mbu kigori anakuwasha tu.

Hapa ndipo dawa ukoko, ile inayopulizwa kwenye kuta za ndani ya nyumba, inapolaumiwa bure: "Wamepuliza, na mbu bado wanauma!" Haikupulizwa kuzuia kuumwa. Anofelesi wengi wa ndani wakishiba huwa wazito, hutua ukutani damu imeng'enywe, na hapo ndipo huikanyaga dawa. Amekuuma, ndiyo, ila siku ya 12 haioni. Ukipiga lipu au rangi juu ya dawa, umemfutia kifo chake.

Na wale wanaokupigia kelele sikioni usiku kucha mjini mara nyingi ni Kuleksi, mbu wa aina nyingine, waliozaliwa kwenye makaro. Hawaenezi malaria, ingawa wanaweza kueneza matende na mabusha. Mtazame akitua: Kuleksi hulaza mwili sambamba na ukuta, Anofelesi huinua makalio juu.

Kwa hiyo ukifika kituoni na homa, habari ya mbu wa jana haimsaidii sana mhudumu. Mwambie ulikuwa unalala wapi wiki mbili zilizopita, hasa kama ulisafiri, na upime siku hiyo hiyo.