Jaketi la upepo si jaketi la mvua

Upepo wa kusi ukishika Lamu, wakimbiaji wa alfajiri wanaokwenda Shela huambiana: tafuta jaketi lisilopitisha hata tone la maji, ndilo litakalokukinga na upepo. Litakukinga, ndiyo, kisha likupike.

Jaketi la mvua lina utando unaoziba. Upepo hauingii, na jasho nalo halitoki. Hata yale ya bei kali yanayosifiwa kuwa "yanapumua" hutoa mvuke vizuri pale hewa ya nje inapokuwa kavu au baridi kuliko ya ndani. Pwani yetu hewa imejaa unyevu, basi mvuke unakosa pa kukimbilia. Unafika Shela fulana imekuganda mgongoni, na mvua haijanyesha.

Jaketi la upepo ni kitambaa chembamba tu, nailoni au poliesta, kilichofumwa kwa nyuzi zilizobanana. Huvunja nguvu ya upepo bila kuuzuia wote. Kulijua ni rahisi: bana kitambaa midomoni, upulize. Pumzi ikigoma kabisa, hilo ni la mvua. Ikipenya kidogo kwa kulazimisha, chukua. Kwenye mitumba muuzaji atakukodolea macho, mwache.

Liwe jepesi, karibu gramu 100, likunjike hadi kutoshea kiganjani. Zipu ya mbele ni muhimu kuliko kofia, maana ukipata joto unaifungua huku unakimbia. Manyunyu litayahimili, masika hapana. Jua likishapanda, lifunge kiunoni.