Chama Kikishindwa Uchaguzi: Uchunguzi Kwanza, Kiongozi Baadaye

Matokeo yakishatangazwa na chama kikajikuta upande wa walioshindwa, swali linaloulizwa mapema kuliko yote ni nani ataondoka na nani atashika nafasi yake. Ni swali la haki, na wanachama waliojitolea muda na mali zao wana kila sababu ya kuliuliza. Hata hivyo, likitangulizwa mbele ya mengine huleta hasara, kwa kuwa chama huanza kumtafuta kiongozi kabla hakijajua ni kasoro gani anayeitwa kuja kuirekebisha. Msimamo wa makala haya ni kwamba sababu za kushindwa zichunguzwe kwanza, uchaguzi wa ndani ufuate baadaye kwa kanuni zisizotiliwa shaka, na yote mawili yapewe muda wa kutosha hata kama wengi wana hamu ya kuona sura mpya haraka.

Chama cha Labour cha Uingereza kilishindwa uchaguzi mkuu wa Mei 2015, na kiongozi wake, Ed Miliband, akajiuzulu siku iliyofuata. Margaret Beckett, mbunge wa siku nyingi, alipewa kazi ya kuongoza uchunguzi wa sababu za kushindwa huko. Mrithi wa Miliband, Jeremy Corbyn, alipatikana Septemba mwaka huohuo, lakini ripoti ya uchunguzi ilitolewa Januari 2016. Kwa maneno mengine, wanachama walipiga kura wakiwa hawana taarifa rasmi ya chama chao kuhusu kilichowaangusha, na kila mgombea alikuwa na maelezo yake mwenyewe, mara nyingi yale yaliyomfaa yeye.

Nchini Ghana mpangilio ulikuwa tofauti. Baada ya chama cha NDC (National Democratic Congress) kushindwa uchaguzi wa Desemba 2016, kiliunda kamati iliyoongozwa na Kwesi Botchwey, aliyewahi kuwa waziri wa fedha. Kamati hiyo ilizunguka mikoani kuwasikiliza wanachama, kisha ikakabidhi ripoti yake katikati ya mwaka 2017. Mgombea urais alichaguliwa Februari 2019, naye alikuwa yuleyule aliyeshindwa, John Mahama, ambaye alishindwa tena mwaka 2020 kabla ya kurejea madarakani kwa uchaguzi wa Desemba 2024. Uchunguzi, basi, hauleti ushindi kwa wenyewe. Unachofanya ni kuwazuia watu kumtafuta mchawi, kwa sababu unawalazimisha kuzungumzia mawakala wasiofika vituoni, sera zisizoeleweka na wapiga kura waliobaki nyumbani, badala ya kuzungumzia tabia ya mtu mmoja.

Katika kipindi hicho chama lazima kiwe na mtu wa kukisimamia. Njia mojawapo ni kiongozi aliyeshindwa kutangaza kwamba ataondoka, lakini abaki hadi mrithi apatikane. Michael Howard wa chama cha Conservative cha Uingereza alifanya hivyo mwaka 2005: alitangaza mara tu baada ya uchaguzi wa Mei na akabaki hadi Desemba. Miezi hiyo ilibadili mambo. Kwenye mkutano mkuu wa Oktoba mjini Blackpool wagombea walipanda jukwaani mmoja baada ya mwingine. David Davis, aliyetarajiwa na wengi kushinda, alitoa hotuba iliyopooza, wakati David Cameron alizungumza bila kusoma karatasi na kuwavuta wajumbe, naye ndiye aliyeshinda. Uchaguzi ungefanyika Juni, huenda wanachama wasingepata nafasi ya kuwapima hivyo. Njia nyingine ni kuweka kaimu asiyegombea. Chama cha Liberal cha Kanada, kilichoporomoka hadi viti 34 mwaka 2011, kilimpa Bob Rae ukaimu kwa sharti kwamba asigombee uongozi wa kudumu, na Justin Trudeau akachaguliwa Aprili 2013. Binafsi naona sharti la namna hiyo lina faida kubwa, kwa sababu kaimu anayegombea huku ameshika ofisi, fedha na ratiba ya vikao hawezi kuaminiwa na wapinzani wake, hata kama ni mwadilifu.

Suala gumu kuliko yote ni nani apige kura. Wabunge humfahamu mgombea kwa karibu, nao ndio watakaofanya naye kazi kila siku; wanachama wa kawaida ndio wanaolipa ada na kuomba kura mtaani. Mwaka 2001 chama cha Conservative kilitumia utaratibu ambao wabunge huchuja wagombea hadi wabaki wawili, kisha wanachama wote huamua. Katika duru ya mwisho ya wabunge, Kenneth Clarke alipata kura 59, Iain Duncan Smith 54 na Michael Portillo 53. Duncan Smith akashinda kwa wanachama kwa takribani asilimia 61, akiwa ameungwa mkono na thuluthi moja tu ya wabunge, na Oktoba 2003 wabunge haohao walimwondoa kwa kura 90 dhidi ya 75. Labour nacho kilipitia hali hiyo: Juni 2016 wabunge 172 walipiga kura ya kutokuwa na imani na Jeremy Corbyn na 40 wakamuunga mkono, lakini Septemba wanachama walimchagua tena. Kiongozi mwenye baraka za upande mmoja tu hutumia nguvu zake kujilinda. Kwa hiyo ni bora kanuni zimtake mgombea athibitishe mapema kwamba anakubalika kwa kiasi cha maana pande zote mbili, na wanaomdhamini wawe wanamaanisha. Corbyn alifikisha wadhamini 35 waliohitajika dakika chache kabla ya muda kufungwa mwaka 2015, na baadhi yao walisema wazi kwamba hawakukusudia kumpigia kura, bali walitaka mjadala uwe mpana.

Kanuni hizo zisiguswe baada ya mchakato kuanza. Vivyo hivyo daftari la wanachama: lifungwe kwa tarehe iliyotangazwa mapema, kila mgombea apewe nakala, na kadi zilizolipiwa ada kwa mkupuo na mpambe wa mgombea zihakikiwe mwenye kadi akiwa amesimama mbele ya kamati. Malalamiko mengi ya uchaguzi wa ndani huanzia kwenye daftari, mapema kabla hata sanduku la kura halijafunguliwa.

Baada ya kura kuhesabiwa, huwapo wagombea ambao kura hazikuwatosha. Cameron alimwacha Davis, mshindani wake wa mwisho, aendelee kuwa msemaji wa chama kuhusu mambo ya ndani, na Keir Starmer alipochaguliwa kuiongoza Labour Aprili 2020 aliwapa nafasi za juu wote wawili aliowashinda, Lisa Nandy na Rebecca Long-Bailey. Kuvunja makundi kwa tamko la jukwaani ni rahisi. Wajumbe huangalia zaidi orodha ya uteuzi ya kiongozi mpya, iwapo ina majina ya waliofanya kampeni dhidi yake.