Plastiki yenye ukungu si lazima ikuwe feki

Hapa Goma ukipita Birere utasikia watu wanasema vile, tangu zamani: kopo ya plastiki ikiwa na ukungu ao ikionyesha rangi za upinde wa mvua, basi ni feki, walichanganya na takataka. Hapana bandugu. Takataka inaweza kuwemo kweli, lakini mara mingi plastiki ni ileile safi, kinachobadilika ni namna waliiyeyusha na kuipoza ndani ya kalibu, ile chombo inaipa umbo.

Angalia PET, ile ya chupa za maji. Ikipoa haraka inabaki angavu, ikipoa polepole molekuli zake zinapata muda wa kujipanga kuwa fuwele, mwanga unatawanyika, inakuwa nyeupe kama maziwa. Polikaboneti ya vioo vya taa haiko na shida hiyo, adui yake ni unyevu: lazima ikaushwe masaa kadhaa kwenye karibu 120°C mbele ya kuyeyushwa, bila vile inatoka na mistari ya rangi ya fedha.

Na zile rangi? Plastiki ikisukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu baridi, ngozi ya nje inaganda kwanza, sehemu ya ndani bado, mkazo (nguvu za kuvutana) unabaki umefungwa humo, na ndio unaleta rangi. Chukua kifuniko angavu cha CD, kiweke mbele ya ekrani nyeupe ya kompyuta ya LCD, vaa miwani ya polarizesheni (inayopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu), kigeuze polepole, utaona rangi zimejaa zaidi pale plastiki iliingilia ndani ya kalibu. Kwa lenzi, mkazo huo ni kasoro kubwa sababu inaharibu picha, kwa kopo ya kunywea maji haiharibu macho ya mtu.