Gul na fundo: kutambua asili ya mazulia ya kale ya Waturkmeni

Kutambua asili ya zulia la kale la Waturkmeni, watu wa Asia ya Kati, ni kutaja kabila lililolifuma, si mji ulioliuza. Mazulia haya mekundu yamezoeleka kuitwa "Bukhara" kwa kuwa yalipitia soko la mji huo, lakini jina hilo halisemi kama mfumaji alikuwa Msalor, Msaryk, Mtekke, Myomut, Mersari au Mchodor. Siku hizi mengi yanayouzwa kwa jina hilo yamefumwa Pakistan.

Kitu cha kwanza kuvuta jicho ni gul, umbo la pembe nyingi linalorudiwa safu kwa safu. Makabila makubwa yalikuwa na gul zao, na tano kati yake zimo kwenye bendera ya Turkmenistan tangu 1992. Ya Tekke imegawanywa robo nne, na mistari ya buluu iliyokolea hupita katikati yake kuiunganisha na jirani zake. Ingekuwa rahisi kama gul zingetulia kwao. Wasalor walishindwa na jeshi la Uajemi huko Sarakhs mwanzoni mwa miaka ya 1830, na baadaye katika karne hiyo gul yao ikaonekana kwenye mifuko iliyofumwa na Watekke na Wasaryk.

Kwa hiyo mjuzi hupindua zulia. Mgongoni huonekana fundo, na fundo ni mazoea ya mkono ambayo binti aliyapata kwa mama yake. Kubadili pambo ni rahisi kuliko kubadili mkono. Kuna fundo linalozunguka sawasawa nyuzi mbili za mtande, yaani zile za urefu zinazotandwa kwanza: hilo ndilo la kawaida kwa Wasaryk. Lingine huzunguka uzi mmoja kabisa na kupita nyuma tu ya wa pili, likafungukia upande mmoja. Watekke hulifungulia kulia, Wasalor kushoto, tena kwa Wasalor nyuzi za mtande zimekaa kwa ngazi, mmoja juu ya mwingine, hata zulia likawa zito na gumu kukunjika.

Vifaa navyo hushuhudia. Pamba nyeupe ikionekana kati ya sufu katika mapambo, Wasaryk wanafikiriwa kwanza. Mafundo makubwa na ufumaji uliolegea huelekeza kwa Waersari wa bonde la mto Amu Darya. Hata umbo la kitu husaidia: asmalyk, pambo la pembe tano la ubavuni mwa ngamia wa bibi harusi, mara nyingi ni la Wayomut.

Ila "Yomut" ni jina la kulitilia shaka kidogo. Kwa muda mrefu lilikuwa kapu la kutupia kila kilichokosa mwenyewe, mpaka watafiti walipochunguza miundo ya ufumaji na kutenga humo makundi kama lile la "gul ya tai" (tai ndege). Muuzaji akikutajia Yomut, mwombe akuonyeshe mgongo.